Bati la Mke Mwenzangu

Siku hiyo tulikuwa watu sita ndani ya nyumba yangu, na nitawataja kwanza ili msomaji asije akachanganyikiwa. Nilikuwa mimi mwenye nyumba, mke wa kwanza wa marehemu. Alikuwepo mke mwenzangu, yaani mke wake wa pili, aliyekuwa amefika asubuhi kutoka nyumbani magharibi na kuku aliyefungwa miguu. Alikuwepo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye hutengeneza viatu vya matairi soko la Kariokor, hapa Nairobi, na hulala mtaa wa Baba Dogo. Alikuwepo mjukuu wangu, binti wa mwanangu, niliyemlea mimi na sasa anasoma chuo. Alikuwepo jirani yangu wa ukuta mmoja, mama Mwislamu mwenye duka la jumla. Huyo hatuna damu naye, lakini ameketi nami matangani mara nyingi kuliko dada zangu, kwa hiyo namhesabu. Wa sita alikuwa kijana wa kampuni ya dhahabu.

Majina yao yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya mama zao kabla hawajaolewa. Siyaandiki. Wote wako hai, na wawili kati yao hugombana nami hata bila kuandikwa.

Walikuwa wamekuja kuchukua dole gumba langu.

Dhahabu yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu sikuiona. Kampuni ilikuwa na kibali cha serikali cha kutafuta madini upande wa kwetu. Ikaja na magari, ikatoboa mashimo, ikapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka mtoni hadi kwenye migomba ya mke mwenzangu. Wazee wa kwetu wamechekecha mchanga wa mto ule tangu zamani wakipata vijipande vya kununulia chumvi, lakini hakuna aliyejua kwamba dhahabu imepita chini ya boma letu. Kampuni ikasema boma lote lihamishwe ng'ambo ya mto. Kila mwenye nyumba iliyosimama atajengewa nyumba ya mawe. Na kaburi la marehemu lingefukuliwa na kuzikwa upya mbele ya nyumba mpya ya mjane wake.

Mjane mwenye nyumba iliyosimama alikuwa mmoja tu, na hakuwa mimi.

Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa, na nataka ieleweke vizuri, maana watu wengi wa hapa mtaani walidhani nagombania nyumba ya mawe. Mimi nyumba ya mawe ninayo, ya kupanga, hapa Eastlands, paa lake linavuja kwa mpango wa serikali. Niligombania mume.

Nilimwoa, nasema nilimwoa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mimi ndiye niliyemfuata, akiwa kibarua Industrial Area, wakilala vijana watano chumba kimoja wakipokezana godoro. Niliuza chai na mandazi kwenye lango la kiwanda chao. Tulipanda pamoja kutoka kwenye chumba kile mpaka kwenye nyumba ya mtaa yenye jikoni yake. Alipopata kazi ya kudumu, baba yake akafa, shamba likabaki bila mwangalizi, naye akaoa tena. Alisema ni kwa ajili ya shamba. Wanaume husema shamba.

Sikupiga kelele. Kelele ingesikika ukuta wa pili. Alinijengea mimi kwanza, kama desturi ya ukoo wake inavyotaka: nyumba ya mke mkubwa ikatazama lango, ndipo ya mke mdogo ikasimama kando. Yangu nililala Krismasi tu na kwenye misiba. Yake ilikuwa na moshi kila siku. Nyumba isiyo na moshi mchwa huijua haraka, na mvua huijua, na mwaka mmoja tulipofika na watoto nikakuta ukuta mmoja umelala chini. Nikasema mwaka ujao nitaitengeneza. Mwaka ujao kulikuwa na karo ya shule. Mwishowe ikawa tuta la udongo lenye nyasi juu.

Alipostaafu alirudi nyumbani. Mimi nilibaki kwa sababu ya watoto na biashara, ndivyo tulivyokubaliana, na nilikuwa napanda basi kila nilipopata nafasi. Lakini ukweli ni kwamba mimi nilipata ujana wake wenye njaa, na mke mwenzangu akapata uzee wake, akiwa ametulia, ana pensheni na kofia safi. Alifia katika nyumba ya yule mwingine. Mimi nilipigiwa simu nikiwa nakanda unga.

Ila walipomzika, walimzika mbele ya nyumba yangu. Nyumba haikuwepo, lakini mahali pake palikuwepo, na desturi inahesabu mahali: mwanamume hulala upande wa kulia wa mlango wa mke wake wa kwanza, na huyo mke, siku yake ikifika, hulala upande wa kushoto. Niliposimama pale mbele ya tuta langu, watu wakilia, nilihisi furaha ambayo mjane hapaswi kuihisi mchana. Kwa mara ya kwanza tangu aoe tena, alikuwa wangu bila zamu.

Sasa kampuni ilitaka kumchukua na kumpeleka mbele ya mlango wa mke mwenzangu. Na mimi, nikifa, ningelazwa wapi? Kwenye shimo la dhahabu?

Hati ya shamba ilikuwa na jina la marehemu bado, kwa hiyo wajane wote wawili walitakiwa kukubali. Mke mwenzangu alikuwa ameshakubali zamani. Mjukuu wangu alinionyesha picha yake kwenye simu, amesimama na wazungu na wakubwa wa kampuni, amevaa gambuti na ile kofia ngumu ya manjano, mkono kiunoni kama yeye ndiye aliyeitia dhahabu ardhini. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko ilivyostahili. Ilimpendeza, kofia ile. Ndilo lililoniuma.

Basi siku hiyo kijana wa kampuni aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai vizuri, akaeleza kila kitu kwa adabu. Mwisho akatoa karatasi na kidau cha wino. Nikamuuliza kaburi litaenda wapi. Akasema litahamishwa kwa heshima zote mpaka mbele ya nyumba ya mama mdogo.

Nikarudisha mkono wangu chini ya leso.

"Mkubwa," mke mwenzangu akasema. Ndivyo anavyoniita tangu aolewe, Mkubwa, na hata leo sijui kama ni heshima au ananikumbusha umri. "Mkubwa, kampuni inahesabu nyumba. Yako iko wapi? Pale wanakaa mchwa."

"Na nani aliyekuwa akiwalisha?"

Jirani yangu akacheka ndani ya kikombe. Shemeji akaangalia dari. Mjukuu wangu alikuwa na simu yake, lakini nilijua masikio yake yako kwetu.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mke mwenzangu alisema kwamba yeye ndiye aliyemwosha, aliyemlisha uji, aliyeamka naye, na kwamba kaburi lile amelifagia yeye wakati mimi nauza mandazi mjini. Yote hayo yalikuwa kweli, na kwa kuwa yalikuwa kweli nilimchukia zaidi. Nilimwambia kufagia kaburi si kuolewa kwanza. Kijana wa kampuni akaanza kutazama saa.

Ndipo shemeji, ambaye huwa hasemi mpaka watu wachoke, akasema kuna njia. Nyumba yangu inaweza kusimamishwa tena kabla wahesabuji wa kampuni hawajaja. Lakini si hivi hivi. Katika ukoo wao, nyumba ya mke mkubwa ikianguka na ya mdogo ikasimama, huwezi kujenga ile ya mkubwa tu ukamaliza, maana itakuwa nyumba ya mkubwa imezaliwa nyuma ya ile ya mdogo, na hilo ni balaa kwa watoto wa pande zote. Lazima mke mdogo atoe bati moja kwenye paa lake. Bati likitoka, nyumba yake inahesabiwa haijakwisha. Halafu nguzo ya kwanza ya mkubwa inasimamishwa, ndugu wa marehemu anachimba, mkubwa mwenyewe anaishika kwa mikono yake miwili. Nguzo ikisimama, bati linarudi. Anayelirudisha kabla ya hapo ameita kifo ndani ya nyumba, na hakuna fundi wa kule atakayekubali kulipigilia.

Nilijua desturi hiyo. Nilimwacha shemeji aiseme kwa sababu nilikuwa na hakika mke mwenzangu atakataa. Yule mama na paa lake! Alilipaka rangi nyekundu mwenyewe. Na akikataa, ningekuwa na la kusema mbele ya ukoo: mimi nilikuwa tayari, ni yeye.

Akasema, "Nitatoa."

Hivyo tu. Akachukua simu yake akampigia mwanawe mkubwa, akamwambia apande juu aondoe bati la pembeni mwa chumba cha kulala, sasa hivi, na asikate simu. Akaweka sauti kubwa. Tukakaa tukisikiliza, na baada ya muda tukasikia misumari ikichomoka kule magharibi, na bati likilia linavyolia likivutwa. Jirani yangu akaweka mkono mdomoni.

Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika angekataa. Niliona jinsi anavyoitaka ile nyumba ya mawe, kiasi kwamba yuko tayari kuvua paa lake mbele yangu kama mtu anayevua kiatu. Nikawaza atakavyokuwa ndani yake, na umeme, na tangi la maji, na nyumba yangu ya kampuni kando yake, ndiyo, na ya mawe, ndiyo, lakini ni nani angekaa humo? Moshi ungekuwa kwake tena.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kaburi lingekuja mbele ya mlango wangu mpya, kijana mwenyewe alikubali na kuandika. Nikatoa mkono. Akafungua kidau.

Jirani yangu alikuwa ametoka kwenda dukani kwake kuchukua sukari, maana alisema jambo la namna hii haliwezi kumalizwa na chai isiyo tamu. Akarudi bila sukari. Alisimama mlangoni, akasema redio yake ya dukani inatangaza kwamba serikali imefuta vibali vya madini, na vya mafuta na gesi pia, vya makampuni ambayo hayakufuata masharti. Wanasoma majina. "Na hii yenu," akamwambia yule kijana, "wallahi nimeisikia."

Kijana akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsikia mama wa duka akizungumzia mambo ya serikali. Halafu simu yake ikalia. Akatoka nje nayo.

Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kupekua yake. "Shosho," akasema polepole, "ni ukweli. Wamefutwa. Hawana kitu tena kule."

"Tena maana yake nini?"

"Maana yake hawachimbi, hawahesabu, hawahamishi mtu. Wameenda, Shosho."

Tulimwona kijana kupitia dirishani, akitembea huku na huku kati ya kamba za nguo za watu, akiinua mashuka ya jirani yaliyoanikwa ili apite. Alirudi mara moja tu, akakusanya karatasi zake na wino wake, akasema tutawasiliana. Hakumaliza chai. Dole gumba langu lilikuwa kavu.

Mke mwenzangu alikuwa anatazama sakafu. Nilijua anaona nini: alikuwa ameshawaambia watu wote wa kule, kanisani na sokoni na kisimani, amewagawia hata vyumba. Halafu akainua macho akanitazama mimi.

"Basi," akasema, "serikali imekurudishia mume."

"Nitaiandikia asante," nikasema.

Nilisema hivyo. Na nilicheka, peke yangu, mpaka jirani akanikanyaga mguu. Nilikuwa na haki ya kucheka. Kaburi lingebaki pale pale, kulia kwa mlango wangu, hata kama mlango haupo. Sikuwa nimekubali, sikuwa nimekataa, na nilikuwa nimeshinda.

Shemeji akakohoa. "Na bati?" akauliza.

Tulikuwa tumelisahau, sote. Bati lilikuwa limelala uani kule magharibi, na msimu wa mvua ulikuwa umefika. Halingeweza kurudi mpaka nguzo yangu isimame. Na nguzo yangu haikuwa na haja ya kusimama tena, maana hakuna ambaye angekuja kuhesabu.

Jioni hiyo mwanawe mke mwenzangu akapiga simu. Kitanda kimesogezwa mara mbili, akasema, na sasa hakuna pa kukisogezea.

Mke mwenzangu akaniomba. Sitasema hakuniomba vizuri. Alisema, "Mkubwa, nguzo moja tu. Ishike, isimame, halafu urudi Nairobi kwako, hata usipomaliza. Nguzo moja." Nikamwambia nitaangalia. Nikamwambia miguu yangu inauma, safari ni ndefu, tuone wiki ijayo. Miguu yangu inauma kweli, ila siku hiyo iliuma kwa sababu maalumu.

"Sawa," akasema. "Nitakaa hapa mpaka ipone."

Akakaa. Kuku tulimla.

Nilifikiri itanifurahisha kumwona hapa kwangu akiwa hana la kufanya, akisubiri neno langu. Siku ya kwanza ilinifurahisha. Kisha akaingia jikoni. Nauza mandazi bado, kidogo, mlangoni kwangu, kwa vibarua wanaopita asubuhi kuelekea viwandani. Alianza kwa kunisaidia kukanda. Akatia nazi aliyoipata kwa jirani, akatia iliki, akayakata madogo madogo yenye pembe. Baada ya siku mbili hivi, kijana mmoja ninayemuuzia tangu aanze kazi akachungulia mlangoni akauliza, "Shosho, leo ni zako ama ni zile za mama mdogo?" Nikamwambia mandazi ni mandazi. Akasema basi atarudi baadaye.

Jirani yangu, wa ukuta wangu mmoja, akawa anakuja kuketi naye. Nilikuwa nasikia vicheko nikiwa chooni. Akampa leso mpya kutoka dukani, ya rangi nzuri. Mimi amenipa leso nyingi kwa miaka hiyo yote, sisemi hakunipa. Lakini ile ilikuwa na rangi nzuri.

Hayo ningevumilia. Lililonishinda lilitoka kwa mjukuu wangu.

Alikuwa ameketi chini kati ya magoti ya mke mwenzangu, anasukwa nywele. Mimi nachagua maharagwe mezani. Nje kulikuwa na wingu, na ngurumo ikapita mbali, upande wa Dandora. Mjukuu wangu akainua kichwa, akasema kwa furaha ya mtu aliyepata zawadi, "Shosho, ulijua babu alikuwa anaogopa radi? Alikuwa anaingia chini ya meza na redio yake. Mzee mzima!"

Sikujua.

Nimezaa naye watoto wanne. Najua kovu la bega lake lilitoka kwa mashine gani. Najua jina la msichana aliyetaka kumwoa kabla yangu, na la mbwa wa utotoni mwake. Radi sikujua. Niliyatazama maharagwe mpaka yakawa kitu kimoja. Mke mwenzangu alikuwa anaendelea kusuka, anaendelea kusimulia, jinsi marehemu alivyokuwa akimwimbia ng'ombe wakati wa kukamua, jinsi alivyokuwa akilala na soksi. Soksi! Nairobi alilala miguu wazi. Mjukuu wangu mwenyewe, niliyemlea, alikuwa anampokea babu yake kutoka kwenye mikono ile, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa kigeni kwangu.

Nikasukuma maharagwe. Nikasema, "Fungasheni. Kesho tunaenda nyumbani. Mwite shemeji."

Jirani akanishika mkono, akasema Mungu atanilipa kwa huruma yangu, maana mtu hawezi kumwacha mwenzake bila paa. Mjukuu wangu akanikumbatia. Sikuwasahihisha. Sikuwa namwonea huruma mtu. Nilitaka atoke nyumbani kwangu, arudi alikotoka, na kama njia ya kumtoa ilikuwa kusimamisha nguzo, ningesimamisha msitu.

Tulikwenda watatu, mimi na yeye na shemeji. Tulivyofika, vigingi vya kampuni vilikuwa bado kwenye mahindi na rangi yake nyekundu. Watoto walikuwa wameng'oa vingine wakafungia mbuzi. Mashimo yalifukiwa vibaya, yalikuwa yamejaa maji. Watu walitutazama kutoka njiani. Hakuna aliyemuuliza mke mwenzangu habari za nyumba ya mawe, na nilimwona akipita katikati ya kutoulizwa kule kichwa kikiwa juu. Hapo, kidogo, nilimheshimu. Haikudumu.

Shemeji alichimba shimo kwenye tuta langu. Udongo ulikuwa laini, ulitoa mchwa wengi na kijiko changu kimoja cha zamani. Nikashika nguzo kwa mikono miwili, akafukia, akaikanyaga. Mwanawe mke mwenzangu alikuwa tayari juu ya paa na bati begani, na nguzo iliposhika tu, nyundo ikaanza. Mke mwenzangu alisimama chini akihesabu misumari kwa midomo. Kisha akafuta macho kwa ile leso ya jirani yangu.

Ningeweza kurudi siku ile. Wajibu ulikuwa umekwisha, nguzo moja, kama alivyoomba. Lakini nilipoiachia ile nguzo nikageuka, kaburi lilikuwa pale, karibu kabisa, upande wa kulia, limefagiwa, limepandwa maua ya njano kuzunguka. Si mimi niliyeyapanda. Nikamwambia shemeji achimbe shimo la pili.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, chumba kimoja na kijisebule. Kukandika ni kazi ya wanawake wa boma, na wanawake wa boma ni sisi wawili. Tulikandika kwa siku kadhaa, yeye nje mimi ndani, halafu mimi nje yeye ndani, ukuta katikati yetu ungali na matundu tunayoonana. Hatukuzungumza sana. Siku moja wingu likajikusanya, radi ikapiga juu ya mto, nikajikuta nimeuliza kupitia tundu kabla sijajizuia.

"Aliogopa radi tangu lini?"

"Tangu nimjue."

"Nairobi hakuwa akiogopa."

Akaendelea kupaka. Niliona kiganja chake kikipita, kikirudi.

"Nairobi alikuwa na wewe," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Huenda alinipa kitu, kwamba marehemu akiwa nami hakuwa na la kuogopa. Huenda alisema kwamba kwangu alikuwa akijikaza tu, kama mtu anavyojikaza mbele ya msimamizi wa kiwanda, na kwake ndiko alikoruhusiwa kuogopa. Sikumwuliza. Kama ni la kwanza, sikutaka alirudishe. Kama ni la pili, sikutaka kulisikia. Nikachukua donge la udongo nikaziba lile tundu.

Nyumba ilipokauka nililala ndani yake, maana nyumba mpya isiyolalwa na mwenyewe haina maana. Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta ameinama kaburini, anafagia, kama anavyofanya kila siku, mlangoni kwangu. Nikamwambia anipe ufagio.

"Mlango ni wako, Mkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Ufagio ni wangu."

Nilikwenda sokoni siku hiyo hiyo nikanunua wangu. Tangu hapo ninapokuwa nyumbani tunaamka mapema sana, wote wawili, kila mmoja akisikiliza mlango wa mwenzake. Mara nyingi ananitangulia, kwa sababu magoti yake ni mazuri. Nikiwa Eastlands huwa najua saa ile ikifika, unga ukiwa mkononi, kwamba anafagia peke yake, na anamwambia mambo. Sijui anamwambia nini.

Watu husema vibali vikifutwa hurudi kwa jina jingine, na kwamba kampuni nyingine itakuja. Ije. Itakuta nyumba mbili zimesimama, yangu ikitazama lango, na mahali pangu upande wa kushoto pameachwa wazi. Nimempa mjukuu wangu maagizo, na nimemwambia mke mwenzangu uso kwa uso kwamba pale hapapandwi ua hata moja.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Mke mwenzangu anadai kwamba siku ya nguzo hakulia, kwamba ni vumbi la bati. Shemeji anasema kwamba si mimi niliyeagiza shimo la pili, ni yeye aliyeendelea kuchimba na mimi sikumzuia. Jirani yangu anasema redio ilikuwa imesoma habari ile asubuhi na yeye alisubiri makusudi mpaka wino ufunguliwe. Mimi nimeandika nilivyoona. Kama ulikuwepo, au mama yako alikuwepo, na unakumbuka tofauti, njoo unisahihishe, nitakupa chai. Usianze kwa mke mwenzangu.